Mgonjwa wa Saa Kumi na Mbili na Nusu

Duka la miwani lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na zulia, kioo kirefu na kiti cha kuzunguka, na ndicho walichokijua wateja. Cha nyuma kilikuwa na sinki, mashine ya kusagia lenzi, na mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyevaa aproni ya plastiki, vumbi jeupe limemganda kwenye kucha. Wateja wengi waliamini miwani yao imetoka ng'ambo. Ilitoka kwake. Kazini walimwita Fundi, na kwa kuwa ndilo jina alilolipenda, nasi tumwite hivyo.

Kanisani alikuwa Mama Maombi. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni aliongoza kikundi cha maombi cha akina mama, na kila Jumapili alisimama mbele ya waumini na daftari la mahitaji, akasoma: mgonjwa huyu, msafiri yule, mtoto wa fulani ana mtihani. Alisoma vizuri, haraka, bila kukwama. Watu walimsifu kwamba maombi yake hayachoshi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini maombi ya Jumatano yalikwisha daima saa kumi na mbili na dakika tano, wala kwa nini Mama Maombi alitoka pale kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Alikuwa anawahi televisheni.

Aliishi na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini kasoro. Mume wa Fundi, mwana pekee wa bibi huyo, alifariki miaka tisa nyuma baada ya siku tatu hospitalini. Walipomaliza kuzika, bibi alivaa soksi za mwanawe, kubwa kupita miguu yake, na hakwenda kanisani tena.

"Nilimwomba siku tatu, akanyamaza," alisema. "Basi na mimi nimenyamaza. Tuone nani atachoka kwanza."

Fundi aliposhukuru kwa chakula, bibi alisubiri amina kama mtu anayesubiri lori lipite, kisha akasema, "Haya, tule." Mazungumzo yao yalikuwa ya chumvi na dawa. Umekunywa dawa? Nimekunywa. Chumvi imezidi? Haijazidi. Basi. Tena presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya bibi uoni pole pole, hadi akabaki na mwanga tu, wa kumwonyesha dirisha liko wapi. Jambo hilo lilimchoma Fundi. Mchana kutwa anasagia watu lenzi, jioni anarudi kwa mtu ambaye hakuna lenzi duniani ya kumfaa.

Kilichowafungua midomo ni tamthilia ya kigeni, iliyoonyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu. Ilikuwa ya muuguzi mmoja maskini aliyependwa na daktari tajiri, na mama wa daktari hamtaki hata kumwona. Lugha ilikuwa ya huko kwao, maandishi ya Kiswahili yakipita chini. Siku ya kwanza Fundi alikuwa anasoma kimoyomoyo. Bibi akageuza shingo.

"Anasema nini huyo anayelia?"

"Anasema hataki fedha zao."

"Mjinga. Enhe, halafu?"

Tangu hapo Fundi akawa macho ya bibi. Alisoma kwa sauti, akimpa daktari sauti nzito na mama yake sauti ya puani, na penye kimya akasimulia: sasa anapanda ngazi, sasa ameona barua. Baada ya kipindi waliendelea. Wakawa na watu wa kuwateta bila kumkosea jirani. Bibi alimchukia yule mama wa daktari kwa moyo wote, akasema, "Kuna mama wakwe wengine wana roho mbaya," kisha akaongeza, "Wewe usicheke." Fundi alicheka hadi akaegemea ukuta.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha muuguzi akaugua moyo.

Jumatatu moja ilitangazwa kwamba atapasuliwa Alhamisi. Kipindi kilipokwisha, bibi hakuteta mtu. Alikaa mikono mapajani.

"Wewe si ndiye Mama Maombi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwombee."

Fundi alidhani amesikia vibaya. "Mama, yule ni mwigizaji. Ni mzima. Analipwa."

"Najua analipwa. Mimi ni kipofu, si mpumbavu. Mwombee. Tena si peke yako, mpeleke kwenye daftari lenu. Mkiwa wengi Mungu hatakuwa na pa kujificha."

Kesho yake Fundi aliharibu lenzi mbili, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Jiwe la mashine lilizunguka, maji yakatiririka, na yeye alikuwa mbali. Miaka tisa alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja kuhusu mama mkwe wake: aombe tena, lolote, hata mvua. Sasa ameomba. Na ameombea kivuli kwenye kioo. Atamrudishaje? Atamwambia, mama, hilo silo, tafuta jingine?

Jumatano aliandika kwenye daftari kwa mkono wake: Dada yetu mmoja, muuguzi kwa kazi, anapasuliwa moyo kesho. Ni ombi la mama mkwe wangu. Kila neno lilikuwa kweli. Yalipokaa pamoja yakawa uongo, na alilijua hilo kabla wino haujakauka.

Akina mama waliguswa. Katibu wa kikundi, mwalimu mstaafu mwenye mgongo ulionyooka kama rula, alisimama. "Huyu bibi hajatuomba kitu tangu amzike mwanawe. Mimi napendekeza kesho tufunge." Wakakubaliana. Fundi akafunga daftari.

Alhamisi wanawake kumi na saba hawakula. Katibu alikuwa na vidonda vya tumbo na daktari alishamkataza kufunga, lakini alifunga. Fundi naye alifunga, na saa kumi na mbili na nusu alisoma kwa sauti jinsi muuguzi alivyoingizwa chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa, kipindi kikaisha. Bibi akashika ukingo wa kiti. "Wanatufanyia makusudi," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi asubuhi Katibu alibisha hodi, na wanawake wawili nyuma yake wamebeba beseni la sabuni, sukari na khanga mpya. Fundi alikuwa uani anafua. Bibi aliyekaa kwenye kiti chake ndiye aliyewakaribisha.

"Tumekuja kujua mgonjwa amelazwa wapi, tukamwone," alisema Katibu.

"Ile hospitali yenye lifti ya vioo," bibi akajibu.

Wanawake wakatazamana. "Wodi gani, bibi?"

"Wodi hatujaonyeshwa bado. Jana hajazinduka. Daktari wake ndiye mchumba wake, lakini mama wa daktari amezuia watu kuingia. Shetani yule mama, msimwone vile anavyovaa."

Mmoja wa wale wawili akaanza kukunja uso taratibu, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. "Bibi," akasema, "huyo si wa saa kumi na mbili na nusu?"

"Kumbe na wewe unamjua!" bibi akafurahi.

Fundi alitokea mlangoni, povu viwikoni. Wanawake wawili walikuwa wanavunjika mbavu kwa kicheko, wamekaa chini sakafuni karibu na beseni. Katibu hakucheka.

"Nimefunga na vidonda vyangu," alisema. "Nimetapika hadi Ijumaa mchana. Kwa ajili ya televisheni."

"Mimi ndiye niliyemtuma," bibi akasema kwa ukali. "Kama ni kugomba, gombana na mimi."

"Bibi, wewe uliomba. Aliyeandika ni yeye."

Fundi alijipangusa povu. Aliomba radhi, na radhi yenyewe ikatoka nyembamba mbele ya uso ule uliopauka. Katibu aliliacha beseni, akaondoka.

Jumanne Mchungaji alimwita. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi kwenye feni. Alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, hata pale pa lifti ya vioo ambapo midomo yake ilicheza kidogo.

"Mama, sina ugomvi na muuguzi wako," alisema. "Hata mimi nina timu, na nimewahi kulala na njaa kwa sababu imefungwa. Moyo ukipenda, unapenda. Ila wale wenzio waliitoa njaa yao kwa mtu waliyemdhani ana mwili. Ungewaambia ukweli, pengine wangecheka, pengine wangeomba. Wewe hukuwapa nafasi ya kuchagua."

Akamwambia aombe radhi kwenye kikundi, na daftari alipumzishe miezi mitatu.

"Na televisheni nimeiacha," Fundi akasema. "Nimeahidi mbele za Mungu."

Mchungaji aliinua macho. "Hilo sikukuambia mimi."

Lakini Fundi alishakata shauri. Alirudi nyumbani, akachomoa waya, akaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza. Bibi alisikia mkwaruzo wa plagi.

"Unafanya nini?"

"Mama, kile kitu kimenitawala. Nimekipa nafasi isiyo yake. Nimemwacha Mungu asubiri hadi kipindi kiishe."

"Na mimi umenipa nani awe macho yangu?"

Fundi akanyoosha pembe za kitambaa.

"Niambie kitu," bibi akasema. "Yule mwana mpotevu mnayemhubiri kila mwaka, aliyekula na nguruwe. Kaburi lake liko wapi?"

"Hana kaburi, mama. Ni mfano."

"Na watu mnamlilia. Nimewasikia mkimlilia, mimi mwenyewe nilimlilia. Basi yule ana ruhusa ya kuwa mfano, wangu hana."

"Kwa mwana mpotevu hakuna aliyeambiwa apeleke sabuni," Fundi akasema.

Bibi akageukia dirisha.

Jumatano Fundi aliomba radhi mbele ya wote. Wengi walicheka, kicheko cha watu wanaompenda, ingawa kiliuma vilevile. Toka siku hiyo akapata jina jipya, Mama Saa Kumi na Mbili na Nusu. Katibu alimpa mkono, mkono mkavu, akasema amesamehe, na sauti yake haikuwa imesikia habari hizo.

Zikafuata siku tisa za chumvi na dawa. Umekunywa? Nimekunywa. Fundi alijaza ile nusu saa kwa Biblia, akamsomea bibi kwa sauti, na bibi akasikiliza kwa adabu ya mtu aliyeketi kwenye foleni ya benki. Kazini dada wa mapokezi, aliyefuata tamthilia ile kwenye simu yake, kila asubuhi alitaka kumsimulia, na Fundi akawasha mashine asisikie.

Ijumaa ya siku ya kumi alichelewa kidogo kutoka. Alipofungua mlango alisikia muziki anaoujua. Kitambaa kilikuwa sakafuni. Bibi alikuwa amejivuta hadi mbele ya televisheni, ameipapasa plagi ukutani mpaka akaipachika, na sasa amekaa kwenye kibao cha jikoni, sikio limegusa kioo. Watu walikuwa wanazungumza kwa lugha asiyoijua hata neno moja.

"Nimemsikia akikohoa," alisema bila kugeuka. "Yuko hai."

Fundi alisimama na mkoba wake begani. Alikuwa amejisifia moyoni kwa mfungo wake, akahesabu siku tisa kama mtu anayepanda ngazi. Sasa aliona wazi kilichokuwa kimetendeka. Alikuwa amefunga kwa tumbo la mwingine. Kwanza tumbo la Katibu, kisha la huyu.

Alivuta kiti, akamwinua bibi, akamkalisha, akakaa kando yake.

"Daktari anasema," akasoma, na sauti nzito ikarudi yenyewe, "nisamehe, nilikuja nimechelewa."

Jumatatu iliyofuata dada wa mapokezi alimvizia kwenye sinki. "Fundi, nikuandae tu. Leo anakufa."

"Nani?"

"Muuguzi. Nimeshaiona yote huku. Halafu wanaleta pacha wake, upuuzi mtupu."

Siku nzima Fundi alilibeba hilo. Na katika kulibeba akatambua kitu kilichomwogopesha: maandishi ya chini aliyaona yeye peke yake. Angeweza kusoma apendavyo. Muuguzi angepona, angeolewa, angezaa mapacha, na bibi angelala akiamini kwamba safari hii Mungu amejibu. Nani angedhurika? Hakuna aliyefunga. Hakuna beseni.

Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Kitanda, daktari, mashine inayolia kwa vituo, kisha kwa mfululizo. Maandishi yakapita. Fundi hakusoma.

"Mbona umenyamaza?"

"Ngoja kidogo, mama."

"Soma."

Neno "amelala" lilikuwa tayari ulimini, tamu, jepesi. Fundi alimtazama bibi, macho yale yaliyofunguka bila kuona, yanayomngojea yeye. Mtu huyu hakuwa na shahidi mwingine.

"Amefariki, mama."

Muziki ulipanda. Bibi alisikiliza kidogo, akasema, "Zima."

Fundi akazima. Sebule ikabaki na sauti ya jokofu tu.

"Kwa hiyo Mungu hakusikia tena," bibi akasema.

Mama Maombi wa zamani alikuwa na majibu ya swali hilo, matatu au manne, yenye mistari. Fundi aliyapitia kichwani kama mtu anayejaribisha fremu usoni, hakuna hata moja lililokaa.

"Sijui, mama," akasema. "Mimi pia nilimwomba kwa ajili ya mwanao. Nilisimama kwenye korido ile nimeshika viatu vyake, nikaahidi kila kitu. Sikujibiwa nilichotaka. Na niliporudi nyumbani nikaendelea kuomba kwa sauti kubwa, ili usijue kwamba na mimi nimekasirika."

Bibi aligeuza uso. "Ulikasirika?"

"Mwaka mzima na zaidi."

"Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani niko peke yangu humu ndani."

Akaanza kulia, na haikujulikana anamlilia nani, muuguzi au mwanawe. Fundi naye akalia. Baadaye bibi alipenga kamasi, akasema mwanawe aliogopa sindano tangu utotoni, mpaka akajificha kwenye pipa la maji, lililokuwa na maji. Fundi akamwambia hata siku ile hospitalini alimwomba muuguzi ahesabu hadi tatu kabla ya kumchoma.

"Akahesabu?"

"Alimchoma kwenye mbili."

Walicheka kama wendawazimu. Usiku huo bibi hakutamka sala yoyote, na Fundi hakumngojea atamke.

Miezi mitatu ya adhabu Fundi aliimaliza akiwa amekaa benchi la nne kama waumini wengine, akimsikiliza mwingine akisoma daftari. Hapo ndipo alipoyasikia kwa mara ya kwanza maneno aliyoyasoma miaka yote: mgonjwa huyu, msafiri yule, kaka yetu mwenye shida ya mguu. Muuguzi wa kwenye kioo, Fundi alimjua hadi rangi ya kandambili zake. Alijua anapoogopa huuma kidole. Huyu kaka mwenye mguu amesomwa wiki ya sita sasa, na Fundi mwenyewe alishamsoma kabla ya hapo, wala hakujua ni mguu upi. Hakuhisi kwamba amempenda yule muuguzi kupita kiasi. Alihisi kwamba hawa aliwapenda kwa haraka ya mtu anayewahi basi.

Wakati huohuo Katibu alikuja dukani, miwani yake ya kusomea imemchosha. Alipitia mlango wa nyuma. Fundi alimsagia lenzi mwenyewe, akazipangusa, akamvalisha. Katibu alisoma karatasi ya majaribio hadi mstari wa mwisho, ule wa herufi za sisimizi.

"Nasikia mwisho wa mwezi mnahesabu mali dukani, unachelewa kurudi," alisema akiwa bado anaitazama karatasi. "Bibi anasomewa na nani?"

"Siku hizo hasomewi."

"Mimi nimefundisha kusoma miaka thelathini na moja," Katibu akasema, kana kwamba anamweleza mtu mwingine.

Akaja kweli. Alisoma tamthilia mpya, ya dada wawili wanaogombea shamba, kwa sauti ya imla, na kila kosa la tahajia kwenye maandishi alilitangaza. Bibi alilalamika kwamba anasoma kama anasahihisha mtihani, lakini ikifika saa kumi na mbili alianza kuuliza kama hodi imebishwa.

Siku moja ya mwisho wa mwezi kazi iliisha mapema. Badala ya kwenda nyumbani, Fundi aliuliza njia, akafika kwa kaka mwenye mguu. Kaka huyo alikuwa fundi bomba aliyeanguka kutoka kwenye ngazi, anaishi chumba cha pili kwenye jengo lenye ngazi nyembamba, na mkewe anauza vocha mlangoni. Fundi alikaa, akauliza, akasikiliza, na hakutazama saa.

Alirudi saa moja na nusu. Bibi na Katibu walikuwa wanabishana kuhusu nani mwenye haki ya shamba. Waliponyamaza aliwaeleza alikotoka.

"Mguu gani?" bibi akauliza.

"Wa kushoto. Umewekwa vyuma, na kimoja kimelegea."

"Na mkewe anasemaje?"

Fundi akavua viatu, akavuta kiti karibu, akaanza kuwasimulia.